Pumzi kabla ya maneno: shajara ya mradi wa steji ya Kongowea

Januari, wiki ya kwanza

Mwenyekiti wa steji ametukubalia. Tumepewa benchi refu lililo chini ya mwarobaini, na nusu saa kila Jumatatu baada ya sala ya adhuhuri, wakati abiria ni haba na jua la kaskazi limewaondoa watu barabarani. Wanafunzi ni madereva wa tuktuk wa hapa Kongowea, Mombasa, pamoja na makanga wawili watatu wa matatu wanaosimama pembeni na kujifanya hawasikilizi.

Mradi wenyewe ni huu: kila dereva aelewe kinachotendeka mwilini mwake anapopandwa na hasira au kushikwa na hofu, na awe na kitu kimoja au viwili anavyoweza kuvifanya papo hapo bila kushuka kwenye tuktuk. Basi. Mawaidha wanayapata kwingine. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, na miaka hii yote nimekuwa nikiitwa mambo yakishaharibika: mdomo umepasuka, shati limechanika, mtu kalazwa chini anapepewa kwa kartoni. Ukiulizia chanzo, ni chenji ya shilingi ishirini.

Nyuma ya tuktuk moja hapa pameandikwa "Hasira hasara" kwa rangi nyekundu, herufi kubwa nzuri. Dereva wake ni miongoni mwa waliopigana mwezi jana, wala simlaumu. Kuikumbuka methali kwa wakati wake ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ile inayopima mambo na kufikiria kesho. Mwili ukipandwa na mori, sehemu hiyo huzidiwa nguvu mapema sana. Mtu anaijua methali na hawezi kuifikia. Ndiyo maana nataka tuanzie mwilini.

Januari, wiki ya pili

Leo tumepima. Mkoba tuliopewa na serikali mwaka 2023 una mashine ya presha, na chini ya zile namba mbili za presha kuna ya tatu ambayo watu hawaiulizi: mapigo ya moyo kwa dakika.

Kijana mmoja aliingia steji akitokea Nyali, na abiria wake akashuka huku wakitupiana maneno. Nikamwomba mkono kabla hajatulia kitini. Mapigo 121. Kiganja kilikuwa baridi na kimelowa jasho, mdomo umekauka hata akaomba maji, na mshipa wa shingo ulionekana ukipiga. Akakubali wenzake waje waangalie, nikawaonyesha kimoja kimoja.

Maneno ya abiria yalipomwingia masikioni, fundo dogo ndani ya ubongo liitwalo amigdala lilipiga mbiu kabla hajamaliza hata kuyapima. Haipothalamasi ikaipokea, ikatuma amri kwa neva za simpathetiki, zinazotoka kwenye uti wa mgongo na kuenea mwili mzima. Tezi mbili zilizokaa juu ya figo zikamwaga adrenalini kwenye damu. Ini likatoa sukari. Damu ikapunguzwa kwenye ngozi na tumboni ikapelekwa kwenye misuli mikubwa, ndiyo sababu ya kile kiganja baridi. Mate yakakatika, kwa kuwa mwili unaojiandaa kupigana au kukimbia hauna haja ya kula. Walter Cannon, mtaalamu wa Harvard, alikuwa akichungulia matumbo ya paka kwa eksirei mwishoni mwa karne ya 19, akaona kwamba paka akitaharuki tumbo huacha kusaga chakula. Kitabu chake cha 1915 ndicho kilichoeneza habari ya mwili kujiandaa kwa mapambano au mbio.

Nilitaka walielewe hili kabla ya lingine lolote: yule kijana hakuchagua kiganja kiwe baridi. Hasira ikianza, inaanza bila ruhusa yake. Lake ni la baada ya hapo.

Dakika kumi baadaye nikampima tena: 104. Mwenzake akauliza, "Ugomvi umeisha, abiria kaenda zake, mbona moyo bado?" Sijapata swali zuri kuliko hilo. Adrenalini iliyokwisha kuingia damuni huchukua dakika kadhaa kupungua, na kotisoli, homoni inayoifuata, hupanda polepole, ikafika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio. Wakati huo dereva anajiona ametulia. Akimchukua abiria mwingine, na huyu naye akasema neno dogo tu, moto wa yule wa kwanza unammwagikia huyu wa pili. Dolf Zillmann alilichunguza jambo hili kitaalamu miaka ya 1970. Hapa steji wanalijua kwa macho: aliyebanwa na askari wa kaunti pale Buxton humfokea mama mwenye kikapu cha nazi akifika Bombolulu.

Tumekubaliana sheria moja ya steji kutokana na hilo. Anayerudi na ugomvi hachukui abiria mara moja, hata kama zamu ni yake. Anakaa kidogo, na nafasi yake kwenye foleni inalindwa. Mwenyekiti ameisimamia kwa ukali, na bila hiyo ya kulindiwa nafasi hakuna ambaye angekubali.

Januari, mwisho wa mwezi

Somo la leo ndilo nililolisubiri.

Moyo una kiwasha chake wenyewe. Ukikatiwa neva zote, utapiga kama mara 100 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 80 hivi. Tofauti hiyo inaletwa na neva inayoukanyagia breki mchana na usiku. Inaitwa vagasi, ya kumi kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo wenyewe. Inashuka shingoni pande zote mbili, inapita moyoni na mapafuni, inafika hadi tumboni.

Kwa watu hawa sikuhitaji kuongeza neno. Mmoja akasema, "Kwa hiyo mama, nikiinuka hapa moyo ukaenda mbio kidogo, hajaniongeza mtu mafuta. Nimeachiwa breki tu." Ndivyo hasa. Mapigo yanapopanda kidogo, mara nyingi ni breki iliyolegezwa. Yakiendelea kupanda ndipo neva za simpathetiki zinapofungua mafuta.

Na breki yenyewe hulegea kila unapovuta pumzi, hukaza kila unapoitoa. Nikawaambia waweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, wafumbe macho, wavute pumzi ndefu, kisha waitoe polepole mpaka iishe. Steji ikanyamaza. Dereva mmoja mzee, mwenye ndevu za hina, akafumbua macho akaniangalia. "Umechelewa. Nilipotoa, umechelewa." Akarudia, akathibitisha, kisha akamshika mwenzake mkono amwonyeshe. Vijana mapigo yao hubadilika zaidi, ya wazee hubadilika kwa kiasi kidogo, lakini wengi waliisikia tofauti kwa vidole vyao wenyewe. Tangu hapo sijalazimika kumshawishi mtu kwamba pumzi ina kazi.

Nikawapa na kisa cha Otto Loewi, kwa sababu nakipenda. Wakati wake wataalamu walikuwa wakibishana: neva huuambia moyo upunguze mwendo kwa umeme au kwa dawa fulani? Loewi, aliyekuwa Graz nchini Austria, alisimulia kwamba aliota usiku jinsi ya kujua, akaandika kwenye kikaratasi, asubuhi asiweze kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, naye akaamka akaenda moja kwa moja maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Wa kwanza akauchokoza kwenye neva ya vagasi, ukapunguza mwendo. Akachukua maji yaliyouzunguka, akayatia kwenye ule wa pili, ambao haukuguswa neva yoyote. Nao ukapunguza mwendo. Ilikuwa dawa basi, tunayoiita leo asetilikolini. Matokeo yakachapishwa 1921, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Makanga mmoja, kati ya wale wa pembeni, ameniuliza vyura walikuwa wa aina gani. Ameanza kukaa kwenye benchi.

Zoezi tunalolitumia: vuta kwa pua hesabu nne, toa polepole kwa hesabu sita mpaka nane, rudia kwa dakika mbili. Anayetaka njia ya pili anavuta pumzi, anaongeza kidogo juu yake bila kutoa, kisha anaiachia yote taratibu. Utafiti wa Stanford wa mwaka 2023 uliwapa watu hiyo ya pili dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja, na hisia zao njema zikaongezeka kuliko za waliopewa tafakuri ya kimyakimya. Dereva hafumbi macho na wala haachi usukani. Pumzi ndefu ya kutoa inatosha, hata kwenye foleni ya daraja la Nyali.

Februari, wiki ya kwanza

Nilijua swali hili litakuja. Dereva mmoja akasema, "Mama, haya sisi tumefundishwa madrasa. Ukikasirika umesimama, kaa. Isipotoka, lala. Na utie udhu." Wenzake wakaitikia.

Mafundisho hayo yapo, tena ni ya zamani sana. Sikutaka kuyapima kwa mashine, maana dini haingoji vyeti vya maabara. Ila mwili nao una yake ya kusema. Aliyekaa, moyo wake hufanya kazi ndogo kuliko aliyesimama, na aliyelala ndogo zaidi; ukimpima mtu yuleyule katika hali zote tatu utayaona mapigo yakishuka. Maji baridi usoni, hasa kuzunguka macho na pua huku umeshika pumzi, huuchochea mwitikio walio nao wanyama wanaozama baharini, na vagasi hukaza breki. Maji ya bomba ya Februari hapa Mombasa ni ya moto, kwa hiyo mwenyekiti amenunua mtungi. Mwenye ugonjwa wa moyo nimemwambia hilo la kushika pumzi asilifanye.

Kwenye kundi letu wamo Wakristo pia, Wagiriama na Wakamba, nao wakauliza yao. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake waliwapima watu walipokuwa wakisoma rozari kwa Kilatini, na tena walipokuwa wakirudia maneno ya ibada ya Kibudha. Kwa njia zote mbili pumzi zilishuka mpaka karibu 6 kwa dakika, mwendo ambao moyo na presha huenda pamoja vizuri. Utafiti ule haukuhusu dhikri wala nyimbo za kanisani. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye uradi baada ya magharibi anajua sauti ndefu inavyotoa pumzi ndefu. Kila mtu atumie anachokiamini, mwili utapokea.

Februari, Ramadhani imeingia

Tumehamisha kikao kwenda asubuhi. Ugomvi umeongezeka saa za alasiri, saa moja au mbili kabla ya futari, na nilitaka tulizungumze waziwazi: njaa na kiu vina sehemu yao, lakini kubwa zaidi ni usingizi. Wanakula daku, wanaswali, wanaingia kazini. Wengi wanatafuna muguka usiku kucha ndio wamalize hesabu, yaani pesa anazodai mwenye tuktuk kila siku.

Muguka na miraa vina kathinoni, dawa inayofanana sana na amfetamini. Inafungua mafuta ya moyo moja kwa moja: mapigo juu, presha juu, usingizi mbali. Mtu mwenye shavu limejaa majani hawezi kushangaa kwamba neno dogo la abiria limemwasha. Alikwisha kufika nusu ya njia kabla abiria hajapanda. Amri ya kaunti ya Mei 2024 ya kupiga marufuku muguka ilisitishwa mahakamani, na sikuja steji kuirudisha. Nimewaomba kitu kimoja tu, wajipime wenyewe siku ya kutafuna na siku ya kuacha. Mashine ipo kwenye benchi. Kahawa chungu nayo inasukuma njia hiyohiyo, kwa nguvu ndogo zaidi, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini.

Kuhusu usingizi niliwapa namba moja. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwakesha vijana usiku mzima, kisha wakawaonyesha picha mbaya huku wakitazama ubongo wao. Amigdala yao iliitikia kwa nguvu zaidi, kama asilimia 60, kuliko ya waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo yakawa yamelegea. Vijana wazima, wenye afya, waliokosa usiku mmoja.

Watatu wameanza kulala baada ya alfajiri mpaka saa tatu. Mmoja anasema mkewe ndiye aliyeona tofauti kabla yake.

Machi, wiki ya pili

Leo tulibishana, tena vizuri. Imani iliyozagaa steji ni kwamba hasira isipotolewa itakuozea ndani, kwa hiyo bora upige kelele, upige bodi la tuktuk, utoe nyongo. Nimesema sivyo. Mwaka 2024 Sophie Kjærvik na Brad Bushman walikusanya tafiti 154 zenye watu zaidi ya 10,000. Yanayoupandisha mwili, hata kukimbia, kwa jumla hayakupunguza hasira, yanayoutuliza yalipunguza. Mwili hautofautishi kelele za kutoa nyongo na za kuanza ugomvi. Unaona mafuta yamefunguliwa, unaendelea.

"Kwa hiyo ninyamaze? Nimeze?" Hapana. Kumeza nako kuna gharama: uso unatulia lakini mapigo na presha vinabaki juu. Kinachofaa ni kuutuliza mwili kwanza, kisha useme lililokukera, ulitaje lenyewe. Matthew Lieberman na wenzake wa Los Angeles walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu akiipa jina hisia anayoiona usoni mwa mwingine, amigdala hupungua nguvu na sehemu ya mbele ya ubongo huamka.

Nikawaomba wajaribu wao kwa wao. Walianza na "nimekasirika", wote. Kisha kijana wa 121, yule wa Januari, akasema jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Akasema abiria akimdai chenji, si kwamba anamchukia. Saa hiyo anakuwa anaipiga hesabu ya jioni, anaona haitatosha, anamwona mwenye tuktuk akiomba funguo. "Ni hofu hiyo, mama. Mimi naogopa, halafu nafoka." Wenzake hawakucheka. Wawili wakasema hata wao.

Hapo mradi ulifika mahali ambapo pumzi haiwezi kufika. Hesabu kubwa kuliko siku ya kazi si tatizo la neva, na sitamwambia mtu avute pumzi ili avumilie kuonewa. Mwenyekiti ameahidi kuzungumza na wenye tuktuk kuhusu siku za mvua na siku ambazo gari ni bovu.

Machi, mwisho wa mwezi

Si kila mtu hulipuka. Dereva mmoja aliyeshuhudia ajali mbaya mwaka jana, yeye huganda. Honi ikilia karibu anakuwa mweupe wa midomo, mikono inalala, haongei. Tulipofika kwenye zoezi la pumzi akasema kifua kinambana zaidi anapokisikiliza. Hilo hutokea, hasa kwa waliopitia makubwa, na si udhaifu. Naye tulifanya vingine: miguu yote miwili chini, anataja kwa sauti vitu anavyoviona sokoni, mwenzake anayemwamini anakaa kando yake na kuongea naye kwa upole. Kisha nikamwambia ukweli kwamba benchi letu lina mpaka, tukaenda naye kitengo cha afya ya akili Port Reitz. Nilimsindikiza mwenyewe. Anaendelea na miadi yake.

Nimetumiwa pia video nyingi kwenye WhatsApp zinazosema vagasi ikisuguliwa sikioni inaponya kila kitu, kisukari mpaka talaka. Zinaudhi, kwa kuwa zinachafua jambo la kweli. Hata nadharia maarufu ya Stephen Porges ya mwaka 1994, inayogawa vagasi sehemu mbili na kuipa kila moja tabia zake, inapingwa vikali na wataalamu wengi wa maumbile ya neva. Ninachokifundisha kinasimama bila hiyo: pumzi hugusa moyo, na kiasi cha nyuzi nane katika kila kumi za vagasi hupeleka habari kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo. Ndiyo sababu kumwambia mtu "tulia" hakumtulizi, na pumzi yake mwenyewe humtuliza.

Aprili

Mvua za masika zimeanza, mwarobaini unavuja, tumehamia kwenye kibanda cha muuza viazi karai. Hali ya mradi kwa sasa:

Sheria ya kulindiwa nafasi inashika bila mwenyekiti kuisimamia. Madereva wawili presha zao zilikuwa juu hata wakiwa wametulia, siku mbalimbali; wameanza kliniki, na mmoja ameshapewa dawa. Anayesikia maumivu ya kifua yanayopanda begani au tayani haambiwi avute pumzi, anakimbizwa hospitali, na hilo nimelirudia kila kikao. Muguka haujapungua kama nilivyotamani. Wenye tuktuk wawili wamekubali kupunguza hesabu siku za mvua kubwa, wengine bado.

Mzee wa ndevu za hina ndiye anayefundisha wageni sasa kutafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono. Anafundisha vizuri kuliko mimi, kwa kuwa hana haraka.

Steji ya upande wa Likoni, karibu na kivuko, imetuita. Wao wanataka kikao cha alfajiri kabla ya msongamano wa feri, na wanataka aje yule mzee. Nauli yake na kahawa italipwa na mfuko wa steji. Mashine inahitaji betri mpya, na mkanda wa mkono mkubwa zaidi, maana tulio nao haufungi vizuri kwa wenye mikono minene na namba zinatoka juu kuliko zilivyo.